Firigisi na Maji ya Moto

Mara ya tatu wiki hii naoga maji ya baridi, na aliyeoga ya moto ni mama mkwe. Hapo unamwambia nani?

Ndoo niliibandika mwenyewe saa kumi na moja alfajiri. Jiko la mkaa limegoma, nalipepea na mfuniko wa sufuria hadi majivu yananikaa kwenye nyusi. Naingia ndani kuchukua taulo, natoka, ndoo haipo, bafuni mtu anaimba pambio. Anajiandaa na ibada ya kwanza. Akatoka anafuka mvuke kama kiazi kilichoepuliwa. "Mbukwa, mkwe! Mungu akubariki kwa maji." Nikaitikia Amina. Baba mwenye nyumba, mtu wa kupewa shikamoo mtaa mzima, nimesimama nje na kikoi, natetemeka, naitikia Amina. Kisha nikajimwagia ya bombani. Ile sauti iliyotoka haikuwa yangu.

Julai ya Dodoma haina adabu. Mji uko mita 1,100 na ushee juu ya bahari, mawingu yaliondoka na mvua za Aprili, basi usiku joto lote la mchana linapaa zake juu bila wa kulizuia. Wenzetu waliofuata serikali kuanzia 2016 walikuja na mashati ya mikono mifupi. Ukimwona mtu kavaa sweta juu ya tai na koti juu ya sweta, huyo ni wa Dar. Juzi nilipita Majengo kutafuta sweta la mtumba, nikatajiwa bei, nikapata joto palepale.

Sasa jioni. Kuku kachinjwa kwa heshima ya bibi. Ugali wa uwele unafuka, mlenda pembeni, na juu ya bakuli la kuku imekaa firigisi yangu. Kwa baridi hii ugali una dakika tano tu, baada ya hapo unaota ngozi. Bibi akasema leo aombe mdogo.

Mdogo ana miaka mitano, na kanisani wamemfundisha kwamba usijiombee peke yako. Akaanza vizuri, chakula na waliokipika. Nikanawa kwa mawazo. Akahamia kwa babu. Akaenda Mpwapwa kwa mashangazi, mmoja mmoja, na watoto wao, na yule aliyefeli. Akamwombea mwalimu wake jino. Akawaombea kuku, si huyu wa kwenye bakuli, wale waliobaki, wasimkumbuke sana mwenzao. Kila kituo bibi anasindikiza, "Eeh Bwana!" na mtoto akisikia "Eeh Bwana" anaongeza mwendo.

Nikafungua jicho moja. Mvuke umekwisha. Mafuta ya mchuzi yameanza kuganda pembeni ya bakuli. Na mkono wa kijana wangu wa kidato cha pili umesimama hewani juu ya firigisi, hauendi wala haurudi, maana mama yake naye kafungua jicho. Tukabaki watatu tunatazamana, kila mtu na jicho lake moja, hakuna wa kumshitaki mwenzake.

"Na umsaidie baba," mtoto anaendelea, "asipige tena kelele bafuni, majirani walidhani ameibiwa."

Kimya. Bibi akauliza taratibu, "Kwani mkwe anaoga ya baridi?"

Mke wangu akaficha uso kwenye khanga, mabega yanaruka. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka machozi, na mtoto kafumba macho bado, anasubiri tunyamaze amalizie ukoo wa Kondoa. Kuangalia bakuli, firigisi haipo, na kijana anatafuna kwa unyenyekevu mkubwa.

Bibi ameapa kesho ataamka saa kumi anibandikie maji mwenyewe. Mama mkwe! Anibandikie maji ya kuoga! Kwa hiyo itabidi niamke saa tisa nimuwahi, na mkaa wenyewe umebaki wa chai moja.

Halafu hao majirani. Walidhani nimeibiwa, mbona hakutoka mtu?