Mwalimu wa ushairi asifiche mapenzi yake

Mwalimu wa ushairi akiwaficha wanafunzi jinsi anavyolipenda shairi, anawanyima haki yao, hata awe bingwa namna gani. Nasema hivi nikimfikiria A. E. Housman, msomi wa Kilatini ninayemheshimu kuliko wote.

Mwaka 1881 Housman alifeli mtihani wa mwisho kule Oxford. Falsafa na historia alikuwa ameziweka kando, akazama kwenye beti za Propertius, mshairi wa Kirumi. Miaka kumi akawa karani wa ofisi ya hataza, inayosajili haki za wavumbuzi, jijini London, na jioni anasoma maktaba ya British Museum. Makala za kipindi hicho zilimpatia uprofesa wa Kilatini University College London mwaka 1892, na mwaka 1911 akaitwa Cambridge.

Kazi yake kubwa ilikuwa kusahihisha matini. Mashairi ya Kirumi yametufikia kwa nakala za mkono, nakala ya nakala kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kila mnakili akiongeza makosa yake. Sisi wasomaji wa Muyaka tunaijua thamani ya kazi hii, maana pasipo Mwalimu Sikujua kuziandika tungo zile, nyingi zingepotea. Housman alihariri vitabu vitano vya Manilius, mshairi wa unajimu, akavichapisha kwa fedha zake, kuanzia 1903 hadi 1930. Manilius si mshairi mkubwa, na Housman alilijua hilo. Wapo wanaosema alipoteza umri wake. Sikubaliani nao: neno moja likirudi mahali pake, ubeti mzima unaeleweka.

Ninachokipinga ni msimamo wake kwamba kuonja uzuri wa shairi si kazi ya msomi. Darasani alishika sarufi na tofauti za nakala, basi. Lakini inasimuliwa kuwa asubuhi moja Mei 1914, baada ya kuichambua oda (shairi la mtindo wa wimbo) ya saba katika kitabu cha nne cha Horace, mshairi wa Kirumi, aliwaomba wanafunzi dakika chache walitazame kama shairi tu. Shairi lenyewe linasema: theluji imeyeyuka, nyasi zimerudi mashambani, misimu inazunguka. Binadamu akishakwenda ni vumbi na kivuli. Akalisoma kwa Kilatini, kisha kwa Kiingereza, akasema kwake hilo ndilo shairi zuri kuliko yote ya kale, akatoka upesi.

Dakika hizo hazikuupunguzia uchambuzi wake usahihi hata chembe. Kwa nini ziwe za siku moja? Ningeomba kila mhadhiri wa Kilatini alisome shairi kwa sauti kabla ya kugusa sarufi, kisha awaambie wanafunzi bila haya kwa nini ameutoa umri wake kwa shairi hilo.