Afghanistan: mwanzo sawa, ile miaka 20 je?
Kuna mwandishi anasema vita vya Marekani huko Afghanistan vilikuwa vya haki kwa sababu ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001 dhidi ya Marekani. Mwanzo wake sibishi: watu karibu 3,000 waliuawa, na Taliban, waliokuwa wakitawala Afghanistan, wakakataa kumtoa Osama bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda, kundi lililoshambulia. Lakini Osama aliuawa Mei 2011, tena Abbottabad, Pakistan! Miaka kumi iliyofuata Wamarekani walikuwa wakimwinda nani? Halafu ile 29 Agosti 2021, Kabul: droni ya Marekani ikalipua gari dogo jeupe uani kwa mtu, eti limebeba mabomu. Kumbe madumu ya maji. Wakafa raia 10, watoto 7. Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ikakiri kosa, askari hata mmoja hakuadhibiwa. Na hapo Taliban walishaingia ikulu wiki mbili nyuma.