Ushuru wa mbao na simiti ukishuka, sio kila hisa inapanda

Jumapili kwa chama yetu hapa Kiamunyi mweka hazina alikuja na wazo kwamba tutoe pesa kiasi tununue hisa za makampuni ya kujenga nyumba kule Marekani, juu ameskia ushuru wa vifaa vya ujenzi unaanza kulegezwa. Dada yetu ana nia nzuri kabisa. Lakini hiyo pesa ni ya mama mboga na watu wa boda na mimi tangu siku hiyo sijatulia.

Ukweli ni kwamba ushuru wenyewe ni mzito. Marekani ilipandisha ushuru wa chuma kutoka nje hadi 50% Juni 2025, halafu Oktoba mbao zikawekewa 10% na kabati za jikoni 25%, na mbao za Canada tayari zilikuwa na ushuru mwingine wa zamani. Nyongeza ya kabati kufika 50% ilikuwa ianze Januari 2026, ikasukumwa mwaka mzima mbele. Sasa mtu akiona hivyo anasema basi, gharama inashuka, D.R. Horton na Lennar, wajenzi wakubwa wa nyumba huko, watapata faida, twende tununue. Pole pole. Nyumba inayouzwa leo mbao zake zilinunuliwa miezi kadhaa nyuma kwa bei ya wakati huo, kwa hivyo hiyo nafuu haionekani kwa hesabu ya kampuni mara moja, na tena kinachowabana zaidi ni riba, mnunuzi hawezi mkopo mpaka kampuni inakubali kumlipia sehemu ya riba kutoka kwa mfuko wake. Kile kinachookolewa ushuru ukishuka kinaweza kuishia hapo hapo.

Alafu kuna Weyerhaeuser, ambao wana misitu yao Marekani na wanauza mbao. Hao ushuru ndio unawakinga na mbao ya Canada. Ukiondolewa wanaumia, na wao pia hisa zao ziko sokoni. Habari ni ile ile moja, mmoja anacheka mwingine analia.

Na sio lazima tuende mbali. 2023 serikali yetu iliweka tozo ya 17.5% kwa klinka, yale madonge yanayosagwa yakawa simiti, na kwa chuma ghafi cha kutengeneza nondo. East African Portland, kampuni ya simiti iliyo kwa soko letu la hisa, wanachoma klinka yao wenyewe Athi River, kwa hivyo tozo kama hiyo ni ukuta wao, mwenye kuagiza klinka kutoka nje ndiye anabeba mzigo. Mwenye hisa za Portland akishangilia tozo ikitolewa, anashangilia nini hasa?

Mimi nilikuwa nimefika lenta wakati huo. Fundi alikaa wiki tatu bila kazi nikitafuta pesa ya vyuma vya D12 (nondo za milimita 12) na ringi, na hakuna siku nilifikiria soko la hisa. Huku kwetu, iwe Nakuru, Kisumu ama Kakamega, watu hujenga na mkopo wa sacco, msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, mabati karo ikiisha. Mogeji, yaani mikopo ya nyumba ya benki, nchi nzima ni kama 30,000 tu! Kwa hivyo bei ya chuma ikishuka anayefaidika ni huyo mtu wa saiti, na yeye sio kampuni yenye hisa kwa NSE, soko la hisa la Nairobi. Kampuni ya nyumba ya karibu iliyoko hapo ni Home Afrika, iliingia sokoni 2013 na kwa miaka mingi hisa yake iliuzwa chini ya shilingi moja.

Wazo langu ni hili, na ninalisema kwa heshima. Watu sita kwa chama wanaezeka mwaka huu. Badala ya kutuma pesa ng'ambo, tununue mabati ya wote sita pamoja moja kwa moja kwa kiwanda, hiyo nafuu ya bei tuishike na mikono yetu. Jumapili ijayo nakuja na kwotesheni tatu.