Ndiyo, ni mimi niliyefungiwa kwenye ngazi za moto. Ila sikulia

Aisee, kabla hamjaendelea kuforwadi ile voisi ya rafiki yangu (tumwite Bwana Kanuni, anajijua), anayosimulia eti nilifungiwa kwenye ngazi za moto nikalia, naomba na mimi nisikilizwe, maana tangu juzi watu ambao mara ya mwisho tumeongea chuoni wananitumia picha za milango. Milango tu. Bila salamu.

Cha kwanza, sikulia. Lile lilikuwa jasho, na jasho likipita karibu na jicho linaonekana hivyo. Cha pili, kuna sehemu Bwana Kanuni ameiruka, na ameiruka makusudi, tutafika.

Ilikuwa Jumamosi, grupu letu la kusomea, watu sita, tumekaa kwenye chumba cha mikutano ofisini kwa mmoja wetu, ghorofa ya nne. Wote tunahangaika na ile mitihani sita ya ARE, ya kupata leseni ya usanifu majengo Marekani. Mimi nimebakiza miwili, na kwa akili zangu nikaacha ile mirefu mwishoni, PPD (kupanga na kusanifu mradi) na PDD (kuuendeleza mradi na kuandaa nyaraka zake), kila mmoja maswali 100, saa 4 na dakika 5 umekaa unaangalia skrini mpaka herufi zinaanza kukuangalia wewe. PDD ilishanirudisha mara moja. Ukifeli unasubiri siku 60 ndipo ukae tena, yaani siku 60 za kuulizwa "vipi, matokeo yametoka?" na mtu anayejua kabisa yametoka.

Basi zamu ya kufundisha siku hiyo ilikuwa yangu, na mada ilikuwa njia za kutokea wakati wa dharura. Ninyi mnaonijua mnajua nikipewa ubao na kalamu nakuwaje. Nilifundisha kama nalipwa. Nikafika kwenye milango ya moto, nikashusha sauti kabisa kama mhubiri, nikasema: mlango wa moto unajifunga wenyewe kwa sababu kazi yake ni kuzuia moshi usiingie kwenye ngazi, kwa hiyo hauwekewi kigingi, hauwekewi kiti, hauwekewi ndoo ya deki, hauwekewi chochote, na ukikuta mtu ameweka, ondoa. Wote wakaandika. Bwana Kanuni akapigia mstari mara mbili, nilimwona kwa macho yangu.

Ishikeni hiyo.

Tukaenda mapumziko na hapo ndipo ubishi ukaanza. Kwenye IBC, kitabu cha kanuni za ujenzi tunachosomea, kimo cha kipandio kwenye ngazi za kawaida kisizidi milimita 178, pale pa kukanyaga pasipungue 279, halafu, na hii ndiyo iliyoniponza, tofauti kati ya kipandio kirefu kuliko vyote na kifupi kuliko vyote kwenye mkondo mmoja isizidi milimita 9.5. Bwana Kanuni akasema hizo ni mbwembwe tu, nani atajikwaa kwa milimita 9.5, hata unene wa kidole haufiki. Nikamwambia ndugu yangu, mguu ukishapanda vipandio viwili vitatu unaacha kuuliza jicho, unajiendea wenyewe kwa kimo ulichozoea, ukibadilisha kidogo tu mtu yuko chini. Akasema thibitisha. Nikasema ngoja.

Nikachukua tepu ya kupimia. Simu nikaiacha mezani inachaji.

Nilipofika mlango wa ngazi nilijua, narudia tena NILIJUA, kwamba ngazi nyingi za namna hiyo ukishaingia milango haifunguki kwa upande wa ndani, imewekwa hivyo kwa ajili ya usalama wa maofisi. Nilikuwa nimeieleza hiyo nusu saa kabla, kwa mchoro. Kwa hiyo nikafanya kitu ambacho msanifu yeyote makini angefanya. Nikachukua bunda langu la kadi za kusomea, lile nimelifunga kwa mpira, nikalichomeka chini ya mlango wa moto ili usijifunge. Ninyi mnaotikisa vichwa huko, nilisema ni dakika tano tu.

Nikaanza kupima. 170, 170, 171, 170, 169. Nikaanza kuona aibu kidogo, nikasema huyu fundi alikuwa mtu wa maana. Nikapanda mpaka kipandio cha mwisho, kile kinachokuingiza kwenye sakafu ya ghorofa yetu. 183! Nikapima tena, 183. Milimita 13 zaidi ya vile vya kabla yake, na juu ya hapo imevuka hata ile 178. Kosa la kitabuni kabisa: zege lilimwagwa vizuri, halafu baadaye akaja wa marumaru akaongeza unene wake juu ya sakafu bila kuuliza ngazi zilipigiwa hesabu gani. Jamani nilifurahi. Nilikuwa nimepiga magoti, shavu karibu na marumaru, nimeshika tepu kwa vidole viwili nasoma 183 kwa mara ya tatu, nikasikia nyuma yangu sauti ndogo ya adabu sana.

Klak.

Sikugeuka haraka. Kuna sauti ukiisikia mwili unaelewa kabla yako. Niligeuka taratibu. Mlango umefungwa. Kadi hakuna, hata moja haijabaki.

Nikagonga. Sasa mlango wa moto ukiugonga ni kama unagonga mlima, umetengenezwa kuzuia moto, ngumi zangu ni kitu gani? Na chumba chetu kipo mwisho wa korido, mlango umefungwa, na ndani kulikuwa na watu watano wanajadili mikataba kwa sauti. Nikashuka ghorofa ya tatu, umefungwa. Ya pili, umefungwa. Nikafika chini kabisa kwenye mlango wa kutokea nje, na pale kulikuwa na ile baa ya chuma ya kusukuma, juu yake bango jekundu: sukuma mpaka king'ora kilie, mlango utafunguka baada ya sekunde 15.

Mtu wa kawaida hapo anasukuma anaenda zake nyumbani. Mimi nikakaa kwenye ngazi. Kwa nini? Kwa sababu mchana huo alikuwa anakuja mkuu wangu wa kazi kutupigia darasa la mikataba, huyo huyo anayenisainia masaa yangu ya uzoefu wa kazi, yale 3,740 ya AXP, mpango wa uzoefu unaotakiwa kupata leseni, na nilihesabu nikaona ni heri nikae humo mpaka mtu ashuke kuliko king'ora kilie jina langu. Nikakaa dakika arobaini. Taa za mle zinapungua mwanga zisipoona mtu anatembea, kwa hiyo kila baada ya muda nilikuwa nainuka napunga mikono kama naongoza ndege kutua, kisha nakaa tena.

Hakushuka mtu. Nikainuka.

Sasa tuliza akili hapa. Kwa mujibu wa kanuni, huo mlango ukiusukuma bila kuachia, ndani ya sekunde 3 shughuli inaanza na hairudi nyuma, king'ora kinalia, na ndani ya sekunde 15 sumaku inayoushikilia inaachia. Najua hivyo leo. Siku ile nilichanganya ipi ni 3 ipi ni 15, swali ambalo nilishalikosa kwenye mazoezi mara mbili. Nikaigusa baa kidogo, ikafanya "piip", nikatoa mkono. Kimya. Nikagusa tena, piip, nikatoa. Mara tatu. Nimekuja kuambiwa kwamba huko nje hizo piip zilisikika vizuri sana na ndizo zilizowaita watu.

Mara ya nne nikasukuma kiume.

King'ora kikalia. Sijui niwaelezeeje, kilikuwa kinalia ndani ya meno yangu. Moja. Mbili. Tatu. Nikiwa kwenye nne nikajiambia niachie, labda kitanyamaza. Tano, nikakumbuka neno "hairudi nyuma" na kwenye ubao niliandika kwa wino mwekundu. Sita. Saba, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Nane. Tisa, nikasikia watu nje wanaongea. Kumi, nikasikia sauti ya mkuu wangu. Kumi na moja nikaamua sitaki kuona sura ya mtu yeyote, nikageuka nikaegemeza mgongo mlangoni, uzito wote, mikono nimeziba masikio, tepu naibana kwapani. Kumi na mbili. Kumi na tatu, tepu ikachoropoka ikabingirika kule kwenye ngazi. Kumi na nne.

Swali la mtihani: mlango wa kutokea unafungukia upande gani?

Upande anakokwenda mtu. Nje. Nililifundisha hilo asubuhi. Sumaku ikaachia nami nikatoka mzima mzima, kinyumenyume, miguu juu, nikatua chali kwenye saruji. Nikafungua macho nikaona mbingu, halafu kidevu cha mlinzi, halafu simu ya Bwana Kanuni inarekodi, halafu viatu vilivyong'arishwa vizuri sana. Mlinzi anagusisha kadi yake pale mlangoni kuzima kelele, haizimi. Na mimi, nikiwa bado chali, sijui kilichoniingia, nikanyoosha kidole juu nikasema:

"Hicho kitasa kinarudishwa kwa mkono tu, hakijirudishi chenyewe."

Mkuu wangu akainama. "Umejuaje?"

"Nilikuwa nawafundisha, mkuu."

Hakujibu.

Mengine si ya maana. Mwenye ufunguo alipatikana baada ya dakika ishirini, king'ora kikilia muda wote, mkuu akapiga darasa lake bila kuniangalia, grupu likabadilishwa jina linaitwa "Sekunde 15", na mtihani wangu ni wiki ijayo.

Ila ile sehemu iliyorukwa. Nilirudi mezani nikakuta kadi zangu kwenye kiti changu, zimepangwa, mpira umefungwa vizuri. Nikauliza nani kazileta. Bwana Kanuni akasema ni yeye, alikuwa anatoka chooni akakuta kuna mzembe kaweka kigingi kwenye mlango wa moto.

"Si ulisema tukikuta tuondoe?"

Hakujiuliza kadi ni za nani, wala nani yuko upande wa pili. Kaniletea kadi kwenye kiti kitupu, akakaa, akaendelea na mikataba dakika arobaini. Mwulizeni kwa nini hiyo haipo kwenye voisi.

Na ile 183 ni ya kweli, hakuna anayeniamini kwa sababu sina picha, simu ilikuwa inachaji. Tepu bado iko mle ndani, kipandio cha tatu kutoka chini. Atakayeenda kunichukulia aende na mwenzake wa kushika mlango.