Jasi shambani: inatibu magadi, haichukui nafasi ya chokaa

Ukishuka kutoka Moshi kuelekea Dar es Salaam unapita Makanya, wilayani Same, ambako huchimbwa jasi, madini laini yenye kalisi na salfa (kwa Kiingereza gypsum). Nyingi huenda kwenye viwanda vya saruji. Siku hizi wauza pembejeo nao wanaipigia debe: weka jasi, upate kalisi, udongo ulainike. Wapo wanaoiita unga mweupe wa kuwalia wakulima fedha. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya habari.

Kwenye udongo wa magadi, watetezi wana hoja nzito. Tatizo hilo liko hata jirani, kwenye baadhi ya mashamba ya umwagiliaji ya tambarare za kusini mwa Moshi. Udongo huo, uliojaa sodiamu, ukilowa, chembe zake husambaratika na kuziba vinyweleo. Maji yanatuama juu, na jua likiwaka ardhi inakuwa ngumu kama sakafu. Jasi ikiyeyuka, kalisi hukaa mahali pa sodiamu, chembe zinashikana tena, na sodiamu huondoka na maji. Chokaa haifui dafu hapo, kwa kuwa pH (kipimo cha asidi; ikiwa juu, asidi ni ndogo) ikiwa juu haiyeyuki.

Karanga nazo huifurahia. Ganda changa hujinyonyea kalisi lenyewe kutoka udongo unaolizunguka. Ikikosekana unavuna maganda matupu. Ndiyo maana jasi hunyunyizwa karanga zinapochanua.

Lakini mpeleke muuzaji huyo huyo kwenye mashamba yenye asidi ya Nyanda za Juu Kusini. Jasi safi ina kalisi asilimia 23 hivi, ni kweli, ila kalisi siyo inayoua asidi. Kwenye chokaa kazi hiyo hufanywa na kaboneti, na jasi haina. Utamwaga magunia na pH itabaki pale pale. Wabrazili huitumia kwenye udongo wenye asidi wa Cerrado, mbuga kubwa ya nchi yao, ili mizizi ipenye chini, kwenye aluminiamu yenye sumu, lakini juu hutangulia chokaa. Na nyanya zinazooza kitako? Mara nyingi kalisi imo ardhini. Tatizo ni kumwagilia leo, kusahau siku nne, kisha kufurisha.

Halafu kuna maji, jambo ambalo matangazo hulinyamazia. Tani moja kwa ekari ni kama gramu 250 kwa kila mita ya mraba, na lita moja ya maji huyeyusha gramu 2.5 hivi. Kwa hiyo zinahitajika milimita 100 za mvua ili jasi iyeyuke tu, kabla ya kuisukuma sodiamu chini. Na magadi makali hudai tani kadhaa. Kama shamba halina mtaro wa kutolea maji, sodiamu haina pa kwenda. Itapanda tena kiangazi. Mwenye shamba la namna hiyo, ningemwambia fedha ya kwanza iende kwenye mtaro. Aliye mbali na machimbo apige pia hesabu ya lori, maana nauli inaweza kuizidi jasi yenyewe.

Kipimo cha maabara ndicho cha kutegemea, ila kuna cha nyumbani cha kuanzia. Chukua bonge dogo la udongo mkavu, litumbukize taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Likivunjika vipande na maji yakabaki maangavu, huenda jasi haina kazi kwako. Likizungukwa na wingu kama maziwa lisilotua hadi jioni, mpelekee bwana shamba sampuli ya udongo huo, na umuulize juu ya sodiamu.