Mwandishi, majini si mambo ya kitoto

Mwandishi, kwenye makala yako umesema riwaya za mambo ya kale zenye mapenzi na majini ni za wasichana wasiotaka kuumiza kichwa. Mimi ni mwanamume wa miaka 52 na The City of Brass ya S. A. Chakraborty (2017) niliimaliza kwa mikesha mitatu.

Tazama inavyoanza. Ni Cairo, mwishoni mwa karne ya 18, Wafaransa wameshaingia Misri. Nahri, tapeli anayejifanya mganga, anaitwa kwenye ngoma ya zar kumtoa binti pepo. Mwenyewe haamini. Anaimba kwa lugha yake isiyojulikana na mtu, mara anatokea jini wa kweli, Dara, shujaa mwenye madhambi ya zamani. Hapo nilimkumbuka marehemu bibi yangu na ngoma za pepo mtaani kwetu, ubani umetanda mpaka barabarani. Msomaji wa Tanga au Lamu hahitaji kuelezwa mara mbili.

Mapenzi yamo, na mengine yaliniudhi (Dara ana kiburi huyo!). Lakini utamu wenyewe ni Daevabad, mji wa majini, wanakobaguana kwa damu. Shafit, yaani machotara wa jini na binadamu, wanaishi kwa kukandamizwa. Hiyo ni siasa tupu, bwana. Lipo hata kabila la Ayaanle, la upande huu wetu wa Afrika.

Majina tu ndiyo yalinitesa, ikabidi niyaandike daftarini. Kitabu cha pili cha mfululizo huu amekishika binti yangu, nangoja amalize.