Mwalimu Robo Tano

Jamani, najua rafiki yangu keshawasimulia hadithi ya yaliyonipata darasani jana. Ya kwake imetiwa chumvi, eti nililia. Sikulia. Lilikuwa vumbi la chaki.

Yeye ndiye mwalimu wa hesabu. Jana kapata dharura, akaniomba nimshikie kipindi kimoja tu, cha uwezekano. Nami, niliyeagana na hesabu zamani bila chozi upande wowote, nikajibu, "Uwezekano? Huo si ndio mchezo wangu!"

Swali lenyewe: darasa lina wanafunzi 40. Wanaopenda mpira ni 28, muziki 22, vyote viwili 15. Akichaguliwa mmoja bila kuangalia, kuna uwezekano gani kwamba anapenda mpira au muziki?

Nikaona "au", nikakumbuka "jumlisha". Wale 15 niliwachukulia kama mapambo ya swali. Nikaandika kwa mbwembwe: 28/40 + 22/40 = 50/40. Nikarahisisha: 5/4. Nikapiga mstari chini yake. Nikapiga na wa pili. (Huo wa pili ndio unaoniuma mpaka sasa.) Nikageuka, nikakung'uta chaki mikononi, nikangoja sifa.

Kimya.

Binti wa dawati la mbele akanyoosha kidole, taratibu, kwa huruma kabisa. "Mwalimu, hawa kumi waliozidi wamekaa wapi?"

Hapa sasa msinicheke. Nilitazama madawati. Nikaanza kuwahesabu. Kwa kidole! Moja, mbili, tatu... Nilifika wa kumi na saba ndipo akili iliporudi, lakini mdomo ulishaitangulia: "Labda wamechelewa."

Wewe unayegaragara hapo, nakuona. Hata wao waligaragara.

Binti akaja ubaoni, akachora duara mbili zilizopandana: 15 katikati, 13 huku, 7 kule. Jumla 35. "Wale 15 uliwahesabu kwenye mpira, ukawahesabu tena kwenye muziki. Watoe mara moja." 28 + 22 − 15, gawanya kwa 40: 7/8. Akaongeza kwamba uwezekano hauzidi 1 hata siku moja, na wala sikuwa nimemwuliza. Watano waliobaki hawapendi mpira wala muziki. Jana walikipenda sana kipindi changu.

Kengele ikaniokoa, nikatokea mlango wa nyuma, basi.

Leo asubuhi rafiki yangu kapiga simu: nitaweza kumshikia tena kipindi wiki ijayo? Nikamwambia kuna uwezekano.

"Robo ngapi?"